Mkwe Aliyesimama Nje ya Dirisha

Niliambiwa nikisikia maumivu nirudi. Basi nikakaa kungoja maumivu. Miaka mitatu nangoja, navuna viazi nangoja, nakwenda kanisani nangoja, na maumivu hayakuja, nami nikasimama mbele ya watu nikamshukuru Mungu kwamba nimepona. Mjinga mimi. Lakini ujinga huo sikuzaliwa nao. Nilipewa, na aliyenipa nitamsema hapa hapa.

Naitwa Sekela, mama Yotamu, mke wa Lutengano. Tunalima viazi na pareto kidogo kwenye mteremko juu ya mji wa Mbeya. Sisi ni Wanyakyusa, tulihamia huku kutoka upande wa Tukuyu Yotamu akiwa bado mgongoni. Mtu yeyote wa huku atakuambia mimi ni mtu wa hasira. Niliwahi kumkimbiza mbuzi wa mchungaji kwa mwiko wa ugali mpaka ndani ya kanisa, na mchungaji mwenyewe alinyamaza kimya. Nasema hivi mjue mapema, maana mbele kuna mahali ambapo hasira ilitakiwa ije, na nitawaambia kama ilikuja.

Mwaka wa hamsini na tatu, wakati wa palizi, niliona titi langu la kushoto limevutwa ndani kidogo na ngozi imekunjamana. Nilipobonyeza nikakuta kitu kigumu. Nilikaa nacho miezi minne bila kumwambia mtu. Nilipomwonyesha Lutengano alitoka akaenda kukaa na ng'ombe. Jioni alirudi akasema, "Mama Yotamu, tutakwenda Iringa."

Mbeya hospitali ilikuwepo, tena karibu. Lakini kwetu mtu haendi hospitali hivi hivi. Anakwenda kwa ndugu yake aliyeko hospitali. Kama huna ndugu mle ndani, nani atakueleza dawa unywe lini? Nani atamkumbusha daktari kwamba na wewe una watu wako? Sisi ndugu tulikuwa naye: mdogo wake baba yake Lutengano, dresa wa siku nyingi kwenye hospitali moja ya misheni upande wa Iringa. Anavaa koti jeupe, anafunga vidonda, anamshikia daktari taa wakati wa kupasua. Kiswahili anakijua mpaka cha kuhubiri. Ukoo mzima ulijivunia mtu huyo. Basi tukaenda kwake.

Hapo ndipo tulipokosea, na hakuna hata mmoja aliyeona kama ni kosa. Maana kwetu mwanamke na baba mkwe hawaonani. Na si baba mkwe peke yake, hata ndugu zake. Ukimwona anakuja njiani unaingia kwenye majani, unajitupia nguo kichwani, unageuza uso mpaka apite. Husemi naye. Huli mahali anapokula. Jina lake hulitaji, hata kama yuko mbali mwendo wa siku tatu. Ni heshima, nami niliishika vizuri. Pamoja na hasira zangu zote, kwa jambo hilo hakuna aliyewahi kunilaumu. Kanisani kwetu wengine walikuwa wameanza kulegeza, wanaketi benchi moja na wakwe zao na kuimba. Sisi hapana. Kwa hiyo huyu dresa nitamwita Mkwe, kama nilivyokuwa nikimwita moyoni.

Daktari wa pale alikuwa mzee wa Kiswidi, Daktari Melin, mrefu, miwani, mikono ya baridi. Kiswahili alijifunza vitabuni na alikisema sawasawa, pole pole. Shida ilikuwa mimi. Kiswahili changu siku zile kilikuwa cha kununulia chumvi: bei gani, punguza, sitaki, na cha Lutengano hakikunizidi. Kinyakyusa daktari hajui. Akaita mkalimani, na mkalimani wa Kinyakyusa pale alikuwa mmoja tu.

Nilipomsikia Mkwe anakohoa barazani, nilijifunika shuka la hospitali kuanzia kichwani mpaka miguuni. Nesi Lusia, msichana wa Kihehe mwenye maneno mengi, akapiga kelele, akadhani nimekata roho. Walibishana pale, daktari haelewi, Lutengano anaeleza kwa mikono, Mkwe yuko nje hataki kuvuka kizingiti. Mwisho wakapanga hivi: mimi, daktari, Lusia na Lutengano tukae ndani. Mkwe asimame nje chini ya dirisha, mgongo kwetu, uso kwenye mikaratusi. Daktari akisema, Mkwe anayapokea maneno kupitia dirishani, anayageuza Kinyakyusa na kuiambia ile miti, nami nasikia. Majibu yangu namnong'oneza Lutengano, Lutengano anamwambia Mkwe, Mkwe anamwambia daktari. Swali la kwamba nimelalaje lilichukua muda wa kuchemsha chai.

Nikakatwa. Siku yenyewe sina la kusimulia. Walininusisha dawa, nikaamka nimefungwa bandeji na upande mmoja ni tambarare. Kuanzia kwapani mpaka karibu na kiwiko palikuwa na ganzi, ukinifinya sijui. Lusia alikaa kitandani kwangu akasema, "Dada, lia kidogo, itasaidia." Nilijaribu kwa ajili yake maana alikuwa binti mwema. Machozi hayakuja. Nilikuwa nimekaa tu, naangalia sahani ya uji.

Siku ya kuondoka, daktari alivuta kiti akakaa mbele yangu, akaongea muda mrefu. Alikuwa anataka kweli nisikie, nilimwona. Aliweka vidole vitatu kwenye kifua chake mwenyewe, juu ya koti, akavizungusha zungusha, na Lusia akainamisha uso akicheka. Mimi nikadhani mzee anawashwa. Akaingiza vidole kwapani mwake. Akasimama, akapandisha mkono ukutani. Halafu akanyamaza na kuangalia dirisha.

Dirishani kimya. Kimya kirefu, mpaka Lutengano akasogea kuangalia kama mtu yupo. Ndipo sauti ya Mkwe ikaja. Alisema, "Daktari anasema usibebe mizigo mizito kwa mkono ule. Kunywa maziwa, kula mboga na mayai, usilale na njaa. Kila siku weka vidole ukutani uvipandishe kidogo kidogo, mkono usikauke. Jitunze. Na ukisikia maumivu, rudi."

Daktari akaniuliza mwenyewe, "Umeelewa, mama?" Neno hilo nililijua. Nikasema ndiyo. Akanipa mkono, akafurahi. Nami nilimpenda yule mzee. Alikuwa ameniangalia usoni wakati anaongea, na watu walikuwa wameacha kuniangalia usoni tangu siku niliyougua.

Tuliporudi nyumbani nilishika maneno yale kama amri. Mtu asinidanganye kwamba wagonjwa hawasikii. Mimi nilisikia kila kitu nilichoambiwa. Maziwa kila asubuhi. Mayai tuliyokuwa tunauza, nikala mimi. Kisamvu, mchicha, majani ya maboga, nikala mpaka Lutengano akaniuliza kama naota pembe. Kwenye ukuta wa chumba, karibu na dirisha, niliweka alama za mkaa. Kila siku napandisha vidole, ninapoishia nachora mstari. Mwezi wa kwanza nilifika begani. Mwezi wa sita nikafika juu ya dirisha. Na maji alichota Lutengano. Mwanamume mzima na debe begani, anatoka mtoni! Watu walicheka mpaka wakachoka, yeye akaendelea kuchota.

Jembe sikuweza tena, basi nikawa nauza viazi sokoni Mbeya. Huko nilikaa karibu na Rozalia, mjane kutoka Rujewa, analeta mchele. Mkatoliki, mnene, sauti kubwa. Kinyakyusa hajui hata salamu, na kila mteja pale ana lugha yake. Utamuuziaje mtu viazi kwa kunyamaza? Nikajifunza Kiswahili kwa nguvu, kwa kutukanwa na kwa kutukana. Baada ya miaka miwili nilikuwa nabishana bei mpaka mnunuzi anaomba maji.

Mwaka wa hamsini na tano, kabla ya mvua, naoga, nikakuta kitu kwenye titi la kulia. Kidogo kama punje ya hindi. Nikakibonyeza. Hakiumi. Nikakibonyeza tena kwa nguvu. Hakiumi kabisa. Nikasema ahsante Bwana, nikavaa nguo, nikaenda sokoni.

Msidhani nilisahau. Kila siku nikioga nilikuwa nakiuliza kama kinauma, na kila siku hakiumi. Krismasi ikapita. Pasaka ikapita. Kikawa kikubwa kama kiazi kidogo cha mbegu, na bado hakiumi, nami nikaendelea na maziwa yangu na mayai yangu na mistari yangu ya mkaa. Mtu aliyefuata maneno ya daktari kuliko mimi hayupo Mbeya nzima.

Siku moja Rozalia aliniona nimeingiza mkono ndani ya gauni.

"Unatafuta nini humo, pesa?"

Nikamwambia. Sijui kwa nini nilimwambia, pengine kwa sababu si mtu wa kwetu. Uso wake ukabadilika.

"Kinauma?"

"Hakiumi. Kikiuma nitakwenda. Daktari alisema."

"Na lile la kwanza, walilokata, liliuma?"

Nikatoa mkono ndani ya gauni. Halikuuma. Miezi minne nilikuwa nalo na halikuuma hata siku moja. Neno hilo lilikuwa ndani ya mwili wangu mwenyewe na sikuwahi kulifikiri, maana nilikuwa nimeambiwa na mtu anayejua.

"Basi huyo daktari wako ni mwongo," Rozalia akasema.

Ala! Nilimrukia. Nilimwaga mchele wake, kikapu kizima, nikamwambia asimseme daktari wangu, yeye anajua nini zaidi ya mchele, yule mzee aliniangalia usoni na kunitoa kaburini. Soko lote likasimama. Rozalia alijifunga khanga kiunoni. Alipiga magoti akaanza kuokota mchele, punje kwa punje, na alipomaliza akasema, "Nenda Iringa, Sekela. Ukirudi mzima njoo unimwagie tena." Ile ilikuwa hasira yangu ya mwisho.

Nilikwenda peke yangu. Lutengano alibaki kwa sababu ng'ombe alikuwa anakaribia kuzaa, na kwa sababu aliogopa. Nilikaa dirishani kwenye basi siku nzima, vumbi mdomoni, na sikumbuki kitu nilichokiona njiani.

Daktari Melin alikuwa amezeeka. Alinikumbuka. Akamwambia Lusia akamwite dresa wa Kinyakyusa asimame dirishani, nikamwambia, "Usimwite, Daktari. Kiswahili nimejifunza sokoni." Akacheka, akapiga makofi kama mtoto. Halafu akanipima, na kicheko kikaisha. Alipapasa titi, akapapasa kwapani, akarudia kwapani.

"Ulikiona lini?"

"Mwaka jana, kabla ya mvua."

"Mwaka mzima! Kwa nini hukuja?"

"Hakikuuma. Ulisema nikisikia maumivu ndipo nirudi."

Akavua miwani. "Mama, sikusema hivyo. Nilisema kinyume chake. Hukujipima kila mwezi kwa vidole, kama nilivyokuonyesha?"

"Vidole vya ukutani?"

Aliniangalia. Nami nilimwangalia. Halafu akatazama dirisha, na akakaa anatazama dirisha lile muda mrefu, na pale nje hapakuwa na mtu. Mwisho akasema, "Kesho tutakata," akatoka. Nikamsikia barazani anaongea na Mkwe kwa sauti ya chini. Ndivyo alivyokuwa: mgonjwa anaambiwa atakatwa, maneno mazito wanaambiwa ndugu. Safari ya kwanza alimwita Lutengano na Mkwe nyuma ya stoo ya dawa, nami mpaka leo sijui walisema nini. Safari hii ndugu alikuwa Mkwe.

Nikakaa kitandani nikafikiri. Wanaume wawili, wote niliwaamini. Mmoja anasema alisema, mwingine hakunifikishia. Au mmoja hakusema, na sasa anajificha. Mwongo ni mmoja wao, na kesho mmoja atashika kisu na mwingine atashika taa. Nikamwambia Lusia, "Sikatwi mpaka nijue nani alinidanganya. Afadhali nirudi na kiazi changu nyumbani."

"Dada, utakufa!"

"Basi nitakufa ninajua. Yule dresa yuko wapi?"

"Anachemsha vyombo. Lakini dada, si mkwe wako yule?"

"Namjua ni nani."

Nikaenda. Sikuchukua nguo ya kichwani. Mlango ulikuwa wazi, sufuria inachemka juu ya jiko la mafuta ya taa, visu ndani yake vinagongana. Mkwe aliinua uso, akaniona, na pale pale akageukia kabati la bandeji, akaweka paji la uso kwenye mlango wa kabati. Heshima. Hata mimi miguu yangu ilitaka kurudi nyuma, yenyewe, bila kuniuliza. Nilikuwa nimeolewa miaka ishirini na mbili na sikuwahi kumwambia mtu yule neno moja.

Nikauambia mgongo wake, "Siku ile ya dirishani, daktari alisema nini?"

Akashika kitasa cha kabati.

"Sitoki hapa."

Mabega yake yakashuka. Kisha akaanza kusema, kwa Kinyakyusa, akiliambia kabati. Alisema, "Alisema kila mwezi, siku zako zikiisha, jilaze chali, mkono mmoja chini ya kichwa. Kwa vidole vitatu vya mkono wa pili papasa titi lililobaki, zungusha, anzia nje uje mpaka kwenye chuchu. Papasa na makwapa yote mawili. Ukikuta kitu, hata kidogo kama punje, njoo siku ile ile. Alisema usingoje maumivu. Alisema ugonjwa huu unapoanza hauumi, na ukishauma umechelewa. Alisema hilo la maumivu mara mbili. Aliniambia nami nilirudie mara mbili."

Alikuwa anakumbuka yote. Miaka mitatu, na hakuna neno lililopotea.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesemaje?" aliliuliza kabati. "Wewe ni mke wa mwanangu. Titi. Siku zako. Jilaze chali. Nikutamkie wewe maneno hayo, na mumeo amesimama pale anasikia? Nilitafuta namna. Nilitafuta sana, ninyi mnanisubiri. Nikasema yale yanayosemeka."

"Na la maumivu? Hilo nalo lilikuwa na aibu gani?"

"Nilitaka nikupe sababu ya kurudi. Sikuweza kusema upapase. Nikasema ukisikia maumivu. Niliwaza, hakuna ugonjwa usiouma mwishoni, atarudi tu. Halafu kila siku nimeomba usirudi. Nimeomba upone kabisa, neno lile lisihitajike."

Mimi ndiye yule wa mbuzi wa mchungaji. Mimi ndiye niliyemwaga mchele wa mjane. Nilisimama pale nikaitafuta hasira yangu. Niliitafuta kweli, maana nilijua ni haki yangu na kama kuna siku ya kuitumia ni siku ile. Haikuwepo. Palikuwa na ganzi tu, ile ile ya kwapani, imefika mpaka ndani. Nikaona sufuria inakaribia kukauka, nikachukua kopo nikaongeza maji.

Nikamwuliza, "Na leo? Hapo barazani, amesema nini?"

Akazidi kubana paji la uso kwenye kabati.

"Geuka."

"Mama..."

"Geuka uniangalie, uniambie."

Akageuka. Nikamwona. Mzee, mdogo kuliko nilivyodhani, pua ya Lutengano, masikio ya Yotamu wangu. Miaka yote hiyo watu wa nyumbani mwangu walikuwa wanafanana na mtu nisiyemjua uso. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kola ya koti jeupe.

"Amesema titi litatoka lote," akasema. "Amesema na kwapani zimeshaingia punje nyingine. Amesema ungekuja mwaka jana, angekuambia una matumaini makubwa. Sasa atakata, lakini hajui."

"Hajui nini?"

"Kama utaishi."

Nikasema, "Asante, Asukile."

Jina lilitoka lenyewe. Alishtuka kama nimempiga kofi, na mimi nilikuwa nimekwisha kutoka mlangoni.

Nikamkuta daktari ofisini. Nikamwambia, "Kata. Lakini tangu leo, neno lolote la mwili huu unaniambia mimi. Si Lutengano, si dresa. Mimi. Hata kama ni baya." Alisimama. Akasema, "Nisamehe, mama. Kosa ni langu pia. Nilimwona mtu anageuza maneno yangu kwa kuiambia miti, na sikuuliza kwa nini. Nilidhani anapenda kuvuta sigara." Siku nyingine ningecheka. Nikamwambia, basi sasa anajua.

Asubuhi Asukile alishika taa. Safari ya kwanza alikuwa amebadilishana zamu na dresa mwingine ili asinione. Safari hii nilimwambia abaki.

Hayo yalikuwa mwaka jana. Sasa kuna mistari miwili ya mkaa ukutani kwangu, mmoja wa kila mkono, na wa kulia unachelewa, ndiyo kwanza umefika usawa wa kidevu. Maziwa nakunywa bado. Mayai nakula. Lutengano anachota maji na siku hizi hakuna anayecheka. Rozalia nilimrudishia kikapu cha mchele, akakataa, nikamwachia palepale chini nikaondoka.

Na kila tarehe mosi najipapasa. Nitapapasa nini, na yote yamekatwa? Kovu, makwapa, chini ya shingo na juu ya mfupa wa mtulinga, kama daktari alivyonielekeza kwa mdomo wake. Ngozi ina ganzi, lakini vidole havina.

Yotamu ameoa baada ya mavuno. Mkewe Atuganile ni binti mzuri, anamkimbia Lutengano vizuri kabisa, akimsikia tu anakohoa ameshaingia nyuma ya ghala na nguo kichwani. Mwezi uliopita nilifunga mlango nikamwambia ajilaze chali. Alijifunika uso kwa mikono. Nikamwambia, "Uso funika kwa khanga, mikono nipe mimi." Nikavishika vidole vyake vitatu nikavizungusha, nikamwambia kila neno, titi, chuchu, siku zako, yote, kwa sauti, hata Lutengano aliyekuwa nje anachonga mpini akaacha kuchonga.

"Mama, nikikuta kitu nimwambie nani?"

"Mimi."

"Na kama wewe hupo?"

"Mwambie baba mkwe wako. Usoni."

Akavuta khanga zaidi usoni. Akasema, "Siwezi, mama." Nikamwambia utaweza, na huko nje nikasikia mtu anapenga kamasi.

Leo ni tarehe mosi. Asubuhi nimejipapasa, na juu ya mtulinga wa kulia nimekuta kitu. Kidogo, punje ya ulezi. Nimekibonyeza mara tatu. Hakiumi.

Lutengano nimemwambia kabla sijavaa gauni. Amekwenda mjini kuuliza basi. Atuganile amenichemshia mayai ya njiani, anayafunga kwenye kitambaa, anafungua, anafunga tena. Mimi sioni hofu wala nini. Nimekunja nguo mbili, nimeoga, nimechora mstari wangu wa leo ukutani. Nikifika nitamwambia Daktari Melin aseme polepole, na yote, na aseme nikiwa nimekaa. Na Asukile ataingia ndani, atakaa kwenye kiti karibu yangu. Dirisha nitalifunga mwenyewe.